Niliisoma siku ya mama mbele ya baba

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 23, niko mwaka wa tatu chuo kikuu hapa Dar es Salaam, nasoma mambo ya maendeleo. Kwetu ni Mbinga, mkoa wa Ruvuma. Wazazi wangu ni wakulima wa kahawa, na katika ukoo mzima mimi ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu.

Semista iliyopita tulifundishwa somo la jinsia na maendeleo ya kimataifa na profesa mmoja mama. Shangazi, sijui nikueleze vipi. Tuko zaidi ya mia mbili darasani, lakini wiki ya nne alikuwa ananiita kwa jina. Anafika kabla yetu, anafuta ubao mwenyewe, vitabu vyake anavibeba kwenye kikapu cha ukindu kama anakwenda gengeni. Siku ya kwanza hakutaja mkutano wala mkataba wowote. Alitutuma soko la Mabibo alfajiri. Tusinunue kitu, tusihoji mtu, tuhesabu tu: nani kakaa chini, nani ana meza, nani ana kivuli, nani kashika kitabu cha ushuru. Nimepita soko lile miaka miwili nikitafuta nyanya za bei rahisi, sikuwahi kuona. Tangu siku hiyo kila ninapoingia nahesabu. Kwenye daladala nahesabu, kanisani nahesabu.

Halafu akatupa kazi. Chora jedwali la saa 24, upande mmoja siku ya mama yako, upande mwingine siku ya baba yako. Niliandika usiku mmoja hosteli, nikalia. Mama anaamka saa kumi alfajiri, maji, kuni, uji wa wadogo zangu, shamba, kuchuma kahawa, kuimenya, kuiosha, kuianika kwenye vichanja, kuchagua mbovu, chakula cha jioni. Nilimpata na saa 16 za kazi. Baba nikampata na saa 5, na sehemu kubwa ya hizo ni kwenda na kurudi AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Na kitabu cha AMCOS ni jina la baba, akaunti ya benki ni jina la baba. Profesa alilisoma jedwali langu mbele ya darasa zima. Watu wakapiga makofi. Nilipata A.

Likizo nilikwenda nalo nyumbani. Ilikuwa Septemba, malipo ya kahawa yametoka, baba mkubwa alikuwepo na wazee wengine wawili, wanakunywa chai na viazi vitamu. Wakawa wanasema mwaka huu kahawa imemlipa baba. Shangazi, nilishindwa kuvumilia. Nikaingia ndani, nikatoka na karatasi yangu, nikaisoma yote. Saa kwa saa. Nikamaliza kwa kusema, "Kwa hiyo kahawa haijamlipa baba, imemnyonya mama."

Hakuna aliyesema kitu. Baba akaangalia kikombe chake, akasema, "Haya, profesa." Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Akaweka sinia chini, akaja akanichukua ile karatasi mkononi taratibu, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga. Akasema, "Hiyo siku si yangu." Akarudi jikoni.

Nimerudi chuo, huu mwezi wa pili. Kila Jumapili baada ya Misa mama alikuwa akinipigia. Sasa simu haiiti. Nikipiga anapokea mdogo wangu, anasema mama hajambo, yuko shamba. Siku naondoka alinipa elfu thelathini ya njiani kama kawaida yake, lakini hakunisindikiza stendi. Baba kasema ada ya mwaka huu, ile isiyolipwa na mkopo, amekwisha ilipa, ila nikitaka kwenda mbele "huyo profesa wako atakusomesha". Na kwenda mbele ndiko ninakotaka. Profesa ameniambia niombe shahada ya uzamili, na anahitaji wasaidizi wa utafiti katika mradi wake vijijini mwakani. Shangazi yangu wa kuzaliwa naye amenitumia ujumbe kwamba haya masomo ni ya Wazungu, na walimu wake ni wanawake walioshindwa na ndoa.

Mimi nilikuwa namtetea mama. Kwa nini ndiye aliyenikasirikia? Je, nikae mbali na profesa mpaka nyumbani kupoe? Au ndiyo bei ya kuujua ukweli?

Mwenye fundo moyoni, Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa upande wako. Mara ya tatu nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia.

Nikuulize kwanza: nani alikuambia kwamba mama yako anaamka saa kumi?

Umesema uliandika jedwali lile usiku mmoja, hosteli, kilomita zaidi ya mia tisa kutoka jikoni kwake. Sioni mahali ulipompigia simu ukamuuliza, "Mama, jana ulifanya nini?" Profesa wako alikutuma Mabibo ukaangalie kwa macho kabla hujaandika. Ulipofika kwa mama yako ukaona hakuna haja ya kuangalia, kwa sababu unamjua. Halafu yeye mwenyewe akakwambia, kwa maneno manne tu, kwamba hiyo siku si yake. Wewe ukasikia aibu, au woga wa mume. Mimi nimesikia mtu anayesahihisha karatasi.

Sasa tulisahihishe pamoja, kwa sababu huko kwenu nakujua kidogo. Nimekuwa afisa maendeleo ya jamii miaka 22, minane kati ya hiyo mkoa wa Ruvuma.

Umemwandikia baba saa 5. Uko nyumbani miezi gani? Likizo ya chuo ni Julai mpaka Oktoba, wakati wa kahawa. Mwezi Machi, wanapoandaa ngoro, uko Dar. Ngoro unazijua, yale mashimo ya Wamatengo yaliyopangwa mlimani kama sega la nyuki, yanayozuia mvua isiondoke na udongo. Katika kazi ile, kwa desturi, wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga kwa miraba, na wanawake huja na majembe kuchimba na kuzifukia, kisha hupanda maharage. Kufyeka mteremko wa Umatengo si kazi ya saa 5. Simtetei baba yako. Kuchimba kunachukua siku nyingi kuliko kufyeka, na hata ukijaza mwaka mzima bado mama atamzidi kwa mbali. Lakini umesoma mbele ya kaka yake hesabu ya miezi mitatu ukaiita maisha yake. Mtu akionewa kidogo kwenye hesabu hupata sababu ya kuikataa yote, hata pale iliposema kweli. Muulize profesa wako: kabla ya saa 24 kuna kalenda ya mwaka, nani anafanya nini mwezi gani. Kijijini huwezi kutumia moja bila nyingine.

Upande wa mama pia kuna shimo. Elfu thelathini ile ya nauli ilitoka wapi? Umeandika "kama kawaida yake", ukapita. Kama akaunti ni ya baba na kitabu ni cha baba, mama alitoa wapi pesa? Huenda ni maharage ya ngoro. Huenda ni kikundi cha kuweka na kukopa. Huenda kuna debe la kahawa lililopita mlango wa nyuma, na kama ndivyo, mwanangu, umewahi kufikiri kwamba kuwahesabia wanaume uchumi wa jikoni kunaweza kuwaamsha waliolala? Kwenye karatasi yako mama ni mtu anayefanyishwa kazi toka alfajiri hadi usiku. Anayepanga, anayeficha, anayekopesha, anayejua lini aombe na lini anyamaze, hayumo. Ulimwondolea akili yake yote ukabakiza mgongo. Ningekuwa mimi nami ningesema siku hiyo si yangu.

Nikusimulie kosa langu, usije ukadhani nakuhukumu kutoka juu. Miaka ya tisini tulipeleka majiko banifu katika kijiji kimoja cha milimani, baridi ya kule unaifahamu. Tulikuwa tumepima kila kitu: kuni ngapi kwa wiki, mwendo gani mpaka msituni, moshi. Wanawake walitupigia vigelegele. Niliporudi baada ya miezi sita nikakuta jiko la kwanza limelaliwa na kuku. La pili vilevile. Bibi mmoja akanikaribisha kando ya mafiga yake matatu, moto unawaka, watoto wameuzunguka, akaniambia, "Ulituuliza kuni. Hukutuuliza baridi." Nilikuwa na cheti, mwanangu, na gari la mradi lenye dereva.

Juu ya hili wasomi wameandika sana. Maxine Molyneux, aliyekuwa akiandika kuhusu wanawake wa Nicaragua baada ya mapinduzi yao, alionyesha mwaka 1985 kwamba kuna mahitaji ya leo, kama maji, chakula na mtoto kutibiwa, na kuna yale ya kubadilisha nani ana sauti na nani ana mali. Najua umefundishwa. Makosa yetu sisi wenye vyeti ni kudhani mwanamke asiyeyataja yale ya pili hayajui. Anayajua. Anachokijua zaidi ni siku gani yanaweza kutajwa bila yeye kuyalipia. Wewe ulipanda basi ukarudi Dar. Yeye alibaki na wale wazee, na jioni ile, na swali la baba yako: "Wewe ndiye uliyemtuma?"

Kwa hiyo hajakukasirikia kwa sababu ulisema uongo kuhusu kahawa. Kuhusu kahawa umesema kweli, na nisingependa ukatoka kwenye barua hii ukidhani nakuambia unyamaze. Mazao ya biashara yalipoletwa, mabwana shamba wa mkoloni waliwafuata wanaume, ingawa sehemu kubwa ya Afrika waliokuwa wakilima chakula ni wanawake. Ester Boserup, mchumi wa Denmark, aliliandika hilo mwaka 1970, na kitabu cha AMCOS chenye jina la baba yako ni mjukuu wa historia hiyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtambua mwenzi aliyechangia kwa nguvu zake kuendeleza ardhi, hata kama hati ni ya jina la mwenzake peke yake. Na mapema zaidi, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ya Tanzania katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Seif ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. (Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, mahakama ilisema fedha alizopewa na mumewe kabla ya hapo zilitosha kuwa fungu lake. Wengi wanaoisifu hukumu hiyo huwa hawafiki ukurasa huo.) Hata ushirika, uanachama ni wa mtu, si wa nyumba, mke akitimiza masharti ya chama anaweza kujiunga kwa jina lake. Yote hayo mama yako anaweza kuyataka. Lakini ayatake yeye, kwa siku yake na kwa mdomo wake.

Haya ya kwamba masomo ni ya Wazungu, mjibu shangazi yako kwa upole, kisha uache. Katibu Mkuu wa ule mkutano wa wanawake wa Beijing mwaka 1995, ambao profesa wako kwa busara hakuanza nao, alikuwa Gertrude Mongella, mtoto wa Ukerewe. Ruth Meena amefundisha siasa na jinsia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka mingi. Marjorie Mbilinyi alizaliwa Marekani, ni kweli, lakini alikuja hapa miaka ya sitini, akachukua uraia, akafundisha Mlimani na kuzeeka na wanawake wa vijijini, na ni mmoja wa waanzilishi wa TGNP, Mtandao wa Jinsia Tanzania, mwaka 1993. Ofisi zao ziko Mabibo hapo hapo, si mbali na soko ulilokwenda kuhesabu. Kwa miaka mingi kila Jumatano wamekuwa na semina ya wazi. Nenda ukakae nyuma, usishike kipaza sauti. Utawasikia mama lishe na wakunga wa jadi wakisimama kujisemea, na utaona jinsi wasomi walioko pale wanavyojua kunyamaza. Na hilo la ndoa ya profesa wako, liwe kweli au uongo, halimo kwenye mtaala. Pita.

Umeniuliza kama ukae mbali naye. Usithubutu. Mwalimu anayekufundisha kuona kitu ulichokikanyaga miaka miwili ni bahati, wengine tunamaliza shule zote bila kumpata. Lakini mnaonekana kumgeuza mtakatifu, wewe na hao mia mbili wenzako, na mtakatifu haulizwi. Huyu muulize. Nenda ofisini kwake wakati wake wa kuonana na wanafunzi, umwambie: "Profesa, lile jedwali ulilolisoma darasani lilikuwa na makosa. Sikumuuliza mama." Mwambie na hili, maana naye ana sehemu yake: siku ya mama wa watu ilisomwa mbele ya watu mia mbili, na hakuna aliyemwomba ridhaa. Mkienda vijijini mwakani mtabeba fomu za ridhaa, mtu asaini au aweke dole gumba kabla hamjaandika neno. Mama yako hakupewa hata hiyo fomu. Akichukia, utakuwa umemjua. Mimi naamini atavuta kiti. Na naamini atakuona unafaa zaidi kwa mradi wake kuliko yule aliyepata A.

Ile kazi ya usaidizi wa utafiti iombe. Ukiipata, ulizia mambo ya kidunia bila haya: mkataba ni wa muda gani, posho ya kujikimu ni kiasi gani, inalipwa kabla ya safari au baada, nauli ni ya nani. Wasichana wanaompenda mwalimu wao huona aibu kuuliza pesa, kisha wanakopa nauli. Uzamili usubiri mwaka mmoja au miwili, ukiwa na akiba na ukiwa umekwisha kanyaga vijiji visivyo vya kwenu. Baba akikuona umesimama kwa miguu yako, lile neno la "profesa wako atakusomesha" litapungua makali lenyewe.

Kwake utakwenda, lakini si wa kwanza, na si kwa karatasi. Kwa desturi za kwenu umemkosea mbele ya kaka yake, kwa hiyo pitia kwa baba mkubwa. Mwombe radhi yeye kwanza kwa kuwaharibia chai, halafu akupeleke. Omba radhi kwa namna ulivyosema na mahali uliposema. Usiombe radhi kwa kusema kwamba mama anafanya kazi sana, wala usianze kulieleza hilo upya. Ukishindwa kuyatenganisha hayo mawili, sema "nisamehe baba", ufunge mdomo.

Kwa mama usipige simu. Nenda. Chuo kikifunga baada ya mitihani hii ya semista, panda basi, hata kama ni siku nne tu. Mpelekee sabuni na chumvi na kitenge kama unaweza. Mkute jikoni, usimwite sebuleni. Kaa kwenye kigoda, shika lolote lililoko mbele, kama ni maharage ya kuchambua chambua. Daftari na simu viache chumbani. Usimuulize swali lolote la utafiti siku ya kwanza. Amka naye, saa yoyote atakayoamka, na uone kama ni kumi kweli. Siku ya pili au ya tatu, mikono yenu ikiwa na kazi, mwambie, "Mama, ulisema ile siku si yako." Kisha subiri, hata kama maharage yataisha.

Kuna jambo moja uliliandika kwa haraka, nami ndilo lililonifanya niisome barua mara ya tatu. Moto ulikuwepo jikoni, na mama yako aliingia humo humo. Karatasi hakuichoma. Aliifunga kwenye pindo la kanga, ambako, kama ninavyowajua akina mama wa Mbinga, ndiko zilikotoka zile elfu thelathini. Muulize kama bado anayo.

Wako,
Shangazi